Jua Likitua Kilwa

Boti za kutembeza wageni huondoka Kilwa Masoko kuanzia saa kumi jioni, jua lingali kali. Wageni huvua viatu, hushikwa mkono na baharia wakapanda mmoja mmoja, hugawiwa jaketi za kuokolea, kisha hupangwa ili chombo kisilale upande. Kusi likivuma vizuri tanga hupandishwa. Lisipovuma, mashine huwashwa. Safari hukata mlango wa bahari unaoitenga Masoko na Kilwa Kisiwani, kama kilomita mbili hivi, ikapita mbele ya kuta za ngome ya Gereza, ikafuata ufuo wa kisiwa kuelekea mashariki hadi chini ya jabali la kasri la Husuni Kubwa. Hapo mashine huzimwa. Kilichobaki ni kulingoja jua.

Watu wawili walioketi ubao mmoja wanaweza kuwa wanangoja mambo mawili. Mgeni ameinua simu, anasubiri mbingu iwe nyekundu. Baharia aliyeshika usukani anauangalia wekundu huohuo kama mwingine anavyoangalia saa ya mkononi. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, wakati wa sala ya Magharibi huingia duara la jua likishazama lote, na hutoka pale wekundu uliobaki mbinguni unapofutika. Wanazuoni huuita wekundu huo shafaki. Rangi ambayo mmoja anaikimbilia apige picha ndiyo rangi inayompimia mwenzake muda wa kusujudu.

Nani kati yao anayaona machweo? Na je, inafaa moyo kukipenda kitu ambacho kazi yake ni kuondoka? Maswali haya ni ya zamani kuliko utalii, na Kilwa ni mahali pake hasa, kwa kuwa mji mzima ulichomoza hapa ukatua.

Kurani, katika sura ya al-An'am, inamsimulia Nabii Ibrahim akiwa macho usiku. Anaiona nyota na kuidhania Mola; nyota inatua, naye anaikana kwa kuwa moyo wake haukai na vinavyotua. Mwezi unachomoza, na mambo yanakuwa yaleyale. Linakuja jua, kubwa kuliko vyote, na jioni nalo linakwenda zake. Hapo Ibrahim anaugeuza uso wake kwa Yule aliyeziumba mbingu na ardhi. Katika madrasa kisa hiki husomeshwa kama hoja dhidi ya kuabudu viumbe, na ndivyo kilivyo. Fikihi nayo imeweka uzio wake: sala za sunna zisizo na sababu hazisaliwi jua linapochomoza, linapokuwa utosini, wala linapotua, mtu asije akafanana na wale waliolisujudia. Mwislamu wa Kilwa hulisubiri liondoke kabisa ndipo anapofunga sala.

Kwa usomaji wa harakaharaka, basi, safari ya machweo inaonekana kwenda kinyume na Ibrahim: watu wametoa nauli waende kukipenda kinachotua. Lakini kisa kina upande mwingine usiosemwa sana. Ibrahim alitazama. Hakujifungia ndani akaambiwa kwamba nyota si mungu. Aliikesha mpaka ikatua, akaukesha mwezi, akashinda na jua kutwa nzima. Angeondoka mapema, nyota ikingali inang'aa, asingejua lolote. Machweo ndiyo yaliyomfundisha, na hoja yake yote imesimama juu ya subira ya mtu aliyekaa hadi mwisho, akauona mwisho kwa macho yake, kisha akauliza baada ya mwisho kuna nini.

Hicho ndicho kipimo ambacho anayepanda boti jioni pale Masoko anaweza kujipima nacho.

Kuchomoza kwa Kilwa kunasimuliwa katika mapokeo yaliyoandikwa kwa Kiarabu na kwa Kireno. João de Barros aliyachapisha huko Ureno mwaka 1552. Yanasema kwamba Ali bin al-Hasan, mtu wa Shirazi, alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wa bara kwa nguo za kutosha kukizungusha chote. Ardhi yenyewe ina masimulizi marefu zaidi ya hayo. Neville Chittick, aliyechimba mji huu katika miaka ya 1960, alikuta makazi yaliyoanza kama karne ya 9. Msikiti Mkuu ulianzishwa karne ya 11, ukapanuliwa karne za mbele kwa nguzo, matao na kuba. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa masultani wa hapa. Sarafu ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta wa Tangier alipotia nanga mwaka 1331, aliuweka mji huu miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyopata kuiona, naye alikuwa ameshaiona mingi.

Husuni Kubwa ni ya zama hizohizo. Ukiwa chomboni, kinachoonekana kwanza ni jabali la matumbawe lililoliwa chini na mawimbi, kisha kijani cha vichaka, kisha kuta. Ni kasri la vyumba zaidi ya mia moja, lenye kidimbwi cha pembe nane na ngazi za kuteremkia ufukweni, na dalili zinaonyesha kwamba ujenzi wake haukukamilika. Anayepanda kwa miguu hadi juu, akausogelea ukuta wakati miale ya jua inaulalia, huona kwamba kila jiwe limejaa vitundu vidogo vyenye mistari, kama nyota zilizochorwa kwa sindano. Kila kitundu kilikuwa nyumba ya kiumbe cha baharini. Chokaa iliyoyashika mawe hayo ilitokana na matumbawe yaleyale, yaliyochomwa juu ya magogo. Sultani alijenga ikulu yake kwa miili ya viumbe wasiohesabika waliokwishatuliwa na jua lao, na sasa ikulu nayo imeingia katika hesabu yao.

Kutua kwa Kilwa kuna tarehe. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika na merikebu za Kireno, askari wake wakauteka mji na kuupora, wakajenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 Wareno waliondoka wenyewe, lakini biashara ya dhahabu haikurudi katika hali yake ya kwanza. Gereza linaloonekana leo limejengwa palepale na Waomani, kama karne tatu baadaye.

Mbele ya magofu kama haya msafiri wa leo huingiwa na huzuni tamu, ile inayompendezesha mtu bila kumdai chochote. Pwani ya Waswahili ina jadi nyingine ya kutazama magofu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga al-Inkishafi aliyaangalia majumba ya Pate yaliyobomoka, akaugeukia moyo wake mwenyewe na kuusemesha kama mzazi anavyomsemesha mtoto asiyesikia. Magofu yalikuwa ushahidi, na aliyeshitakiwa alikuwa mtazamaji.

Swali hilohilo limewasumbua wengine mbali na hapa. Miaka mitano tu baada ya Ibn Battuta kufika Kilwa, mwezi Aprili 1336, mshairi Mwitalia Francesco Petrarca aliupanda Mlima Ventoux kusini mwa Ufaransa kwa hamu ya kuona tu mandhari yake. Kileleni alifungua Maungamo ya Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo, na macho yake yakaangukia mahali panapowalaumu watu waendao kustaajabia milima na mawimbi ya bahari huku wamejisahau wenyewe. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikifunga kitabu na kushuka bila kusema neno. Lakini Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, kuzungumzia tafakuri, na humo anamwelekeza msomaji autazame uumbaji kama mtu anavyosoma maandishi ya mwandishi mkubwa. Ukiwaweka wanazuoni hawa wawili ubao mmoja ndani ya boti ya Kilwa, hawatagombana. Augustino anamwonya anayeishia kwenye wino. Al-Ghazali anamhimiza mtu asome.

Mgumu zaidi ni mwanafalsafa Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuamua lililo zuri, anatoa mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri ni zuri, anasema Kant, anaweza kulalamika kuhusu ubatili wa wakubwa wanaolitapanya jasho la watu kwa mambo yasiyo na haja. Lalamiko hilo laweza kuwa la kweli, lakini si jibu la swali aliloulizwa. Uzuri kwake ni furaha isiyo na haja ndani yake, na jasho lina hesabu yake mahali pengine.

Husuni Kubwa haikubali kirahisi mgawanyo huo, na sababu imo katika simulizi maarufu kuliko zote za Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, na azitoe saa ileile. Sultani alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akamwita fakiri na kumpa. Ni tendo zuri, tena lina ladha ya Kilwa yenyewe: kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo kimempata mfalme anayevua za kwake. Wengi huishia hapo. Ibn Battuta anaendelea. Mwana wa sultani alizichukua tena nguo zile kwa fakiri, akamlipa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lake, aliagiza fakiri aongezewe watumwa wengine kumi, pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Watu ishirini. Majina yao hayakuandikwa, wala kwao hakukutajwa. Ukarimu uliovuma ulimwenguni ulilipwa kwa maisha yao, na msimuliaji, faqihi mwenye elimu, hakuona haja ya kusita. Mtu akiisikiliza simulizi hadi mwisho, kama Ibrahim alivyokaa hadi mwisho wa usiku wake, uzuri wa nguo haufutiki, lakini hauwezi tena kusimama peke yake. Jasho alilolipeleka Kant mahali pengine limekaa ndani ya simulizi ileile, katika sentensi inayofuata.

Jiografia nayo inalazimisha hesabu hiyo. Picha za matangazo zimewazoesha watu jua linalotumbukia majini, lakini kwenye pwani ya Kilwa na Lindi Bahari ya Hindi iko mashariki. Maji ndiko jua linakochomoza. Linatua bara, nyuma ya mikoko ya mlango wa Mto Mavuji, juu ya nchi inayoinuka kidogo kidogo kuelekea ndani. Kwa hiyo anayetazama machweo akiwa chomboni ameipa bahari kisogo, na uso wake umeelekea njia za misafara.

Mwezi Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana saini na sultani wa Kilwa mkataba wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata Kilwa Kivinje, kaskazini kidogo kwenye pwani hiihii, iligeuka bandari kubwa ya kuwasafirisha watu waliotekwa pande za Ziwa Nyasa na kupelekwa Unguja, hadi mkataba wa 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini. Walitembea wiki baada ya wiki wakilielekea jua linakochomoza. Kila jioni lilitua migongoni mwao, upande wa kwao.

Upande huohuo wa machweo, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kivinje kwa kuwapinga. Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, Vita vya Majimaji vilianza. Tarehe 4 Agosti mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Mashamba yalichomwa na maghala kuteketezwa ili watu wasalimu amri kwa njaa, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Kisha kati ya 1909 na 1913, wapagazi walibeba vichwani na mabegani mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako mmoja wao amesimama hadi leo ndani ya jumba la makumbusho. Ana kimo cha zaidi ya mita 13, na jua lake lilitua miaka kama milioni 150 iliyopita. Wageni wake humtazama kwa mshangao, na wana haki ya kushangaa. Mabega yaliyombeba hayaonekani pale aliposimama.

Je, basi mtu afumbe macho? Azime simu, asifurahi? Hapana, na dini haikumtaka hivyo. Kurani imeutaja uzuri wa nyota kuwa pambo la mbingu, na pambo huwekwa ili litazamwe. Mara nyingi imewaita watu watembee katika ardhi waone ulikuwaje mwisho wa waliotangulia, na mwito huo hautimizwi na mtu aliyekaa nyumbani. Sura ya at-Takathur inafunga kwa kusema kwamba watu wataulizwa juu ya neema. Kinachoulizwa ni neema, yaani kitu kizuri kilichotolewa kwa mkono mzuri. Mtoto anayepiga kelele ya furaha pale jua linapogusa mikoko yuko ndani ya neema hiyo. Mtu mzima yuko ndani yake pia, ila yeye ana swali la kujibu, na swali halimpunguzii utamu. Chai ya mwenyeji inanyweka vizuri zaidi ukijua jina la aliyeichemsha.

Swali hilo lina jibu lililolala ndani ya lugha ya watu wa hapa. Mswahili husema mchana kutwa na usiku kucha. Kutwa ni kule kuchwa kwa jua. Kucha ni kule kupambazuka. Usiku hupimwa kwa mapambazuko yanayoufunga, na mchana hupimwa kwa machweo yanayoufunga. Lakini saa zinaanza kuhesabiwa upya wapi? Jua linapozama ni saa kumi na mbili, ukurasa umejaa. Saa inayofuata ni saa moja. Kwa kalenda ya Kiislamu siku mpya huingia wakati huohuo wa Magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa huja kabla ya mchana wake, na maulidi ya usiku wa Ijumaa husomwa Alhamisi baada ya jua kuzama. Mwanzo wa Biblia nao unaihesabu siku ya kwanza kwa jioni kisha asubuhi. Karne nyingi kabla ya boti za watalii, watu wa dini hizi walikuwa wakisimama kila jioni mbele ya anga nyekundu na kuihesabu kuwa mwanzo.

Na wenyeji wa pwani huyatazama machweo, tena kwa makini kuliko mpiga picha yeyote. Siku ya 29 ya mwezi wa Shaabani wazee na watoto hutoka nje, wakaelekeza nyuso bara, wakaukagua ule ukanda mwembamba uliobaki juu ya miti mahali jua lilipotoweka. Hawalitafuti jua. Wanatafuta uzi mweupe wa mwezi mwandamo. Siku 29 baadaye watatoka tena, safari hii kwa ajili ya Idi. Katikati yake, kwa mwezi mzima, kila machweo ni tende, maji na uji, na mabakuli ya futari yanayopita kutoka mlango hadi mlango.

Anayetazama kwa jicho hilo huanza kuona mambo ambayo huzuni tamu ilikuwa ikimficha. Kilwa Kisiwani haikufa. Kati ya magofu kuna kijiji: nyumba za udongo na fito, minazi, mashamba ya mihogo, mbuzi wanaopanda kuta za karne ya 15 bila kumwomba mtu ruhusa. Maji yakipwa wanawake hushuka miambani kutafuta pweza na kome. UNESCO iliyaingiza magofu haya pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikayahamishia kwenye orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuo na kuta zikianguka. Mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kazi ya miaka kumi. Kuta ziliimarishwa, ufuo ukakingwa, mikoko ikatunzwa ishike udongo. Mkoko unaokua leo mbele ya Gereza ni sehemu ya jibu kwa swali la Ibrahim, kama yalivyo mawe yenyewe. Mtu aliyekaa hadi mwisho aliona ukuta unaelekea majini, akapanda mti.

Kusini zaidi, Lindi mjini, kuna safari ya machweo isiyotangazwa popote. Ni kivuko kinachovuka ghuba kwenda Kitunda. Jioni hujaa wanafunzi wenye sare, waendesha bodaboda na pikipiki zao, akina mama wenye ndoo zilizorudi tupu kutoka sokoni. Jua liko nyuma yao, juu ya vilima vya Lindi, na maji ya ghuba yamegeuka shaba. Mandhari ni ileile ambayo mtu mwingine angeilipia fedha nyingi. Wachache hugeuka na kutazama. Wengi wanaongea bei ya samaki, mitihani, mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Si haki kusema kwamba hawaoni. Mwanga uleule umelala juu ya nyuso wanazoongea nazo, na huenda hakuna njia njema zaidi ya kuupokea kuliko hiyo.

Chini ya Husuni Kubwa, duara la jua likishagusa miti huchukua dakika mbili na ushei kuzama lote, kwa kuwa katika latitudo hii linashuka karibu wima. Mgeni anayetafuta mipangilio ya kamera hupitwa. Kisha ukimya huingia chomboni bila kuombwa na mtu. Wekundu unapanda, maji yanaurudisha, na kwa dakika kadhaa Msikiti Mkuu na Gereza na boti na waliomo ndani yake vyote vina rangi moja. Sauti ya adhana hutoka kijijini, ikafuatwa na nyingine hafifu kutoka ng'ambo. Mashine huwashwa.

Masoko, wageni wakishateremka, baharia hutandika mkeka palipo pakavu. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Kilwa, ndiyo maana kibla cha Msikiti Mkuu kimetazama huko tangu karne ya 11. Anayesali hapa Magharibi ana bahari mkono wa kulia na bara mkono wa kushoto. Rakaa tatu huisha wekundu ungalipo. Hutoa salamu kwanza kuume, upande wa giza la maji ambako jua litachomoza, kisha kushoto, upande wa Kivinje na Umatumbi na njia za misafara, ambako mbingu bado ina ukanda mwembamba wa rangi ya kaa. Hukunja mkeka, hukung'uta mchanga. Mmoja wa wageni amebaki nyuma, viatu vingali mkononi, anamngoja amalize.

"Samahani, nahodha. Kesho maji yanajaa saa ngapi?"